Jibu la Zile Risasi Ulizoniuliza

Zaituni mwanangu,

Salamu hizi zinatoka chumba cha pili. Nakusikia unafunga mabegi, na mama yako anakwambia sweta iweke juu, usiiweke chini. Ningeweza kugonga ukuta ukaja. Lakini mdomo wangu naujua. Nikianza kusema nitajisifu, wewe utanyamaza, halafu asubuhi basi la Moroto litaondoka na jibu lako bado liko tumboni mwangu. Kalamu kwangu ni nzito, haikimbii kama mdomo. Ndiyo maana nimeishika.

Usicheke mwandiko. Herufi za Kiarabu nilifundishwa chuoni kwa bakora. Hizi nyingine nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma magunia ya saruji na milango ya malori, na mpaka leo nawashinda wengi waliokaa darasani.

Mambo ya dawa ya malaria, na ya chandarua, na ya kutomkopesha kila anayelia, mama yako na shangazi yako Mariamu wameyamaliza. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kujibu swali moja tu uliloniuliza Jumapili mbele ya watu, nami nikakujibu upuuzi.

Uliuliza vizuri. Ulisema kampuni ya uwindaji iliyokuajiri itakupa bunduki na risasi za kawaida bila malipo, lakini zile nzuri za ghali ukizitaka ununue mwenyewe kwa akiba yako. Ukasema, "Baba, wewe umekaa na wawindaji. Zinastahili hiyo pesa?" Shangazi yako akashusha kijiko. Kaka yako akaweka simu chini, na yule simu haiweki chini hata msibani. Wote wanangoja mzee Sebit aseme. Mzee Sebit akasema risasi ni risasi. Nikasema mbogo hasomi maandishi ya pakiti. Nikasema mimi nimeona wanyama wakilala kwa risasi za jeshi zilizoota kutu, na kwamba hizo za ghali ni za watu ambao pesa zinawawasha mfukoni. Watu wakacheka, nikafurahi walivyocheka.

Ndipo wewe, bila kunitazama, ukasema kwa sauti ya chini, "Lakini Baba, wewe ulikuwa unapiga nini? Wewe ulikuwa unashika kisu."

Niliacha chakula nikatoka. Tangu hapo sijakusemesha. Mama yako anasema nimenuna kama bibi harusi aliyenyimwa mkufu. Sikununa. Nilikuwa nafikiri, na mimi nikifikiri siharakishwi.

Sasa sikiliza. Ulichosema ni kweli, bunduki haikuwa yangu hata siku moja. Lakini unafikiri mshika kisu hana neno katika mambo ya risasi. Hapo ndipo hujui. Katika kambi ile hakuna mtu aliyekuwa na hamu na risasi kuliko mimi, na wala si kwa sababu unazozidhani.

Walipofungua tena uwindaji kule Karamoja walitafuta wazee wanaojua nyayo, na jina langu halikuchelewa kutajwa. Mvi nilikuwa nazo tayari, na bado vijana walikula vumbi langu. Kazi yangu kwenye karatasi ilikuwa kufuata nyayo na kuchuna ngozi. Kazi yangu yenyewe ilikuwa mbio. Mgeni aliyelipia kuwinda anapiga mnyama. Mgeni hamtaji Mungu, anataja nini sijui, pengine anamtaja mkewe. Mnyama akifa kwa risasi ile, kwetu sisi ni mzoga, basi. Kwa hiyo lazima Muislamu mmoja amfikie angali na roho, amkate kwa jina la Mungu. Mpishi alikuwa Muislamu, dereva Muislamu, wachunaji nusu yao Wanubi wenzetu kutoka Bombo na Arua. Wote walikula kwa miguu yangu. Bunduki ikilia tu, mimi ndala nimeshaziacha, kisu mkononi, nimeondoka.

Na kulikuwa na ufundi, usidhani ni kukimbia tu. Mgeni anataka kichwa na ngozi ya shingo akaitundike ukutani kwake. Ukikata juu, karibu na taya, umemharibia, na bwana wa kambi atakufokea mpaka jioni. Waliokuwa kabla yangu waligombana naye kila siku kwa hilo. Mimi nikaanza kukata chini kabisa, pale shingo inapoingia kifuani, kama anavyochinjwa ngamia. Halali imepatikana, ngozi imepona. Bwana Deni, ndiye aliyekuwa mwindaji mkuu, mzungu mzaliwa wa Kenya mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha kaka yako, alinipa mkono mbele ya watu. Mpaka leo kule wanakata hivyo. Ukiwaona, jua ni mkono wa baba yako.

Basi akaja mgeni mmoja, mzee mfuga ng'ombe wa huko kwao, mtu wa maneno machache. Huyo alikuja na risasi zake za ghali. Ndizo hizo hizo unazoziulizia. Bwana Deni alinionyesha moja. Ile ya kawaida, kichwa chake ni madini laini yaliyovikwa koti jembamba la shaba. Hii ya ghali, koti na kilichomo ndani vimeshikana kitu kimoja, havitengani hata vikigonga mfupa. Mimi nikaipima kiganjani, nikairudisha. Sikuona la ajabu.

Nililiona porini. Yule mzee akipiga, mnyama anakwisha. Si kwamba anaanguka, anakwisha. Kuro, yule swala mkubwa wa kando ya maji, alianguka kama mtu aliyekatwa kamba. Mimi huyo mbio, nafika, jicho limeshasimama, nzi wanatua juu yake na halipepesi. Akaja pofu, mnyama mwenye mwili kama wa ng'ombe, hivyo hivyo. Akaja swala, hivyo hivyo. Nyama imejaa kambini mpaka inaning'inia mitini, na sisi tunakula posho, ugali mtupu, na mboga za majani.

Wakaanza. Khamis mpishi akawa ananipakulia huku anasema, "Sebit, miguu imezeeka? Tukuchangie baiskeli?" Dereva akasema pengine tuwaombe wanyama wasubiri. Na Lokiru, mwenzangu wa nyayo, Mkaramojong asiyejua haramu wala halali, alikuwa anakaa na mfupa wa pofu mkononi, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, ananiita kwa upole kabisa, "Mzee Sebit, njoo ule. Huyu alisilimu kabla hajafa. Nilimsikia mimi."

Nilicheka. Wote tulicheka. Lakini binti yangu, mimi ni mtu nisiyependa kuchekwa kwenye jambo ninalolijua. Kutukanwa nitavumilia, nitakujibu na yataisha. Kuambiwa miguu imezeeka kuliniingia usingizini.

Nikaenda kwa Bwana Deni. Sikumwambia habari ya nyama. Ningemwambia nyama, angetafuta njia, angetununulia mbuzi vijijini na mambo yangekwisha, alikuwa mtu wa namna hiyo. Mimi nilimwambia habari ya pesa. Nikamwambia, Bwana, huyu mzee anachoma risasi za bei juu ya swala, na sanduku zima la kampuni limelala hapo. Mwambie azitunze za kwake, apige na hizi. Risasi ni risasi. Nikamtajia wanyama wote niliowaona wakifa tangu utoto wangu na bunduki zilizowaua, mengine ya kweli na mengine nimeyanyoosha kidogo. Naye aliniamini, kwa sababu sijawahi kumpoteza kwenye nyayo. Mtu akikuamini kwenye nyayo anakuamini na kwenye risasi, na hapo ndipo hatari ilipo. Ujuzi wangu mmoja niliufanya ujuzi wa kila kitu.

Yule mzee akakubali, akapiga na za kampuni. Na uone, nilikuwa sahihi. Swala akaanguka, akawa anarusha miguu, nikamfikia akiwa na roho tele. Kesho yake kuro, vile vile. Khamis akapika pilau ya kuro ambayo sijala mfano wake. Nikaitwa tena jina langu la zamani, Mguu wa Upepo. Hakuna aliyeuliza kwa nini wanyama wameanza kuchelewa kufa. Mimi nilijua, nikala.

Halafu ikaja siku ya mbogo.

Asubuhi ile Bwana Deni alisema yule mgeni arudie risasi zake kwa mbogo. Alilisema mara moja tu, akiwa anafunga kiatu. Kama ningenyamaza ingekuwa hivyo. Nikamwambia, "Bwana, jana umeona, juzi umeona. Unataka kuona nini tena?" Akanitazama, akamtazama mgeni, akasema haya. Yeye mwenyewe, kwenye bunduki yake ya akiba, alikuwa na zile za ghali. Siku zote alibeba zile. Nami sikumuuliza kwa nini.

Mzee alipiga vizuri. Nataka ujue hilo, maana watu waliposimulia baadaye walimsingizia mgeni. Alipiga begani, pale pale panapotakiwa, na mbogo akayumba. Halafu akaingia kichakani kwenye miiba. Tukafuata. Damu ilikuwa kidogo, matone matone, na Lokiru akapiga ulimi, akanionyesha kwa kidole. Damu ya namna ile ni ya nyama, si ya pafu. Tukamkuta amelala ubavu kwenye uwazi mdogo, mgongo kwetu.

Sheria unaijua, na ulifundishwa kwenye chuo chenu cha wanyamapori. Mbogo aliyelala unampiga tena. Unasimama, unangoja, unampiga tena, hata kama amekufa jana. Bwana Deni alikuwa ameinua mkono kutusimamisha. Mimi niliuona ubavu unapanda na kushuka. Unapanda, unashuka, polepole. Wewe ungeona hatari. Mimi niliona roho inakwisha na kisu changu hakijafika. Niliona sahani ya posho. Niliona baiskeli ya Khamis.

Nikakimbia.

Lokiru aliita jina langu. Halafu nilisikia nyayo zake nyuma yangu, na yule mtu alikuwa na mbio kuliko mimi, sasa nalisema, siku zote alikuwa ananiachia tu. Akanishika koti kwa nyuma, akanirusha pembeni kama mtoto. Na mbogo alikuwa amekwisha simama.

Sitakueleza alichomfanya. Nyonga yake umeiona anavyotembea. Bwana Deni alipiga mara moja, mbogo akielekea kwake na Lokiru chini yake, na mnyama akapiga magoti, akalala pale pale. Mara moja tu. Nami niliamka kwenye miiba na kisu bado mkononi.

Watu wa kule wanasema Sebit alichinja kwanza ndipo akamwangalia mwenzake. Umelisikia, kwa sababu Lokiru mwenyewe alilisimulia hapa Makindye alipokuja na fimbo yake, nawe ukimmiminia chai. Alilisimulia kwa kicheko, na mimi nikamwambia aache uongo. Si uongo. Mbogo alikuwa bado anapumua. Mkono ulikwenda wenyewe, umezoea. Nilikata chini, penye kifua, ngozi ikapona, nikataja jina la Mungu kwa sauti, na Lokiru alikuwa karibu kiasi kwamba damu ya mbogo ilimfikia shati. Ndipo nikageuka.

Walimchukua kwa gari, halafu kwa ndege ndogo ya mgeni, mpaka hospitali ya Mulago. Mimi nilibaki kuchuna. Lazima mtu abaki kuchuna. Nikachuna peke yangu, na mikono hii ikazitoa zile risasi mbili, kila moja mahali pake.

Ile ya kwanza, ya kawaida, haikupita bega. Iligonga mfupa ikavunjika. Koti nililikuta limechanuka kama ganda la ndizi, tupu, na madini ya ndani yamesambaa vipande vipande kwenye nyama, vingine vidogo kama punje za mtama. Chini ya mfupa ule, upana wa kiganja tu, ndipo moyo ulipokuwa. Mzima, haukuguswa. Ile ya Bwana Deni iliingia kifuani kwa mbele, ikapita pafu, ikapita tumbo lililojaa majani, nikaikuta nyuma kabisa chini ya ngozi ya paja. Imefumuka kichwa kama uyoga, na ni nzima. Ungeweza kuipima, ungekuta haikupungua kitu.

Nilizishika zote mbili, hii huku na hii huku. Hakukuwa na mtu. Jibu la swali lako, Zaituni, nililipata pale, wewe ukiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Nilizitupa majanini, nikaosha mikono, na jioni Khamis alipopika nilikula. Ilikuwa nyama nzuri. Kila mtu alisema Mungu amlipe Sebit, hata katika balaa hakusahau wenzake.

Nilipopata ruhusa nikaja Kampala, nikaenda Mulago. Njia nzima nilipanga maneno. Lokiru alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa kwa mawe, na mama yako alikuwa kando yake na sufuria ya uji. Alimpelekea chakula muda wote ule, kwa miguu kutoka kituo cha mabasi, wala hakuniambia mpaka nilipomkuta. Nikakaa. Kabla sijayaanza, Lokiru akaniuliza, "Ile nyama mlikula?"

Nikasema tulikula.

"Ilikuwa na mafuta?"

Nikasema ilikuwa nayo.

Akafumba macho akasema, "Basi vizuri. Ningekasirika kama ingekuwa kavu."

Mama yako akacheka, na muuguzi akacheka, na mimi nikacheka. Nikatoka nje kwenye ngazi, nikakaa pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nina mgonjwa au nimepotea.

Sikurudi Karamoja. Mnajua nilivyosema, kwamba nilichoka na jua. Nikaanza kuchinja kuku sokoni Nakasero, na kuku hawakimbii mbali. Na kila mtu aliyeniuliza habari za risasi, kwenye kahawa, msikitini, kwenye harusi, nilimwambia risasi ni risasi. Nililisema kwa nguvu zaidi kuliko zamani. Unajua kwa nini. Kama zote ni sawa, basi ilikuwa kudra, na kudra haina mwenyewe. Kama si sawa, basi kuna mtu aliyekwenda kwa Bwana Deni akachagua. Nimelisema neno hilo kwa ubishi mpaka Jumapili ile, mbele yako, mwanangu wa kuzaa, unayekwenda kusimama mahali pale pale. Ningekuua kwa neno la kuchekesha watu.

Sasa nakujibu kama unavyostahili.

Kwa swala, kwa mnyama mwepesi, zile za kampuni zinatosha. Tena ile ya ghali, kwa ugumu wake, wakati mwingine inampita mwepesi kama sindano, haifumuki, naye anakimbia mbali kabla hajajua amekufa. Nimeyaona. Na usidhani ya ghali ina macho. Yule yule mzee aliwahi kumpiga pofu mmoja tumboni kwa risasi yake nzuri, tukamfuata mnyama yule siku nzima kwa aibu. Risasi inafanya kazi pale ulipoituma, haikusahihishi. Kwa hiyo fanya mazoezi kwa zile za bure, piga nyingi mpaka bega liote sugu, hizo ndizo faida yake. Ila kumbuka kitu ambacho wengi hawajui mpaka kiwaaibishe, kwamba risasi mbili tofauti hazigongi mahali pamoja hata bunduki ikiwa ni hiyo hiyo na mkono ni huo huo. Kabla ya kuingia porini piga zile za ghali kwenye karatasi, chache tu, uone zinakwenda wapi, urekebishe darubini kwa hizo. Usione uchungu kuzichoma kwenye karatasi. Bwana Deni hakuona uchungu.

Lakini kwa mbogo, na kwa chochote kinachoweza kukugeukia, usibebe nyingine. Wewe hutakuwa mgeni. Utatembea nyuma ya mgeni na bunduki ya akiba, na bunduki ya akiba haiitwi siku njema. Ikiitwa, mgeni ameshakosea, mnyama ameshaumia, na kuna mtu wa mtu yuko chini. Hapo unakuwa na risasi moja, pengine mbili, na mfupa mbele yake. Bei yake uliyoiona ni kubwa, ni kweli, na akiba yako najua ulivyoikusanya. Nunua. Kaka yako nimemwambia leo akupeleke dukani mapema kabla ya basi. Amesema ndiyo, na hakuuliza kwa nini nimegeuka, kwa hiyo na wewe usimwambie.

Kuna gharama nyingine ambayo haikuandikwa kwenye pakiti. Wanyama watakufa haraka. Waislamu wa kambi yako watafika na visu, watakuta macho yamesimama, na watakutazama wewe, mtoto wa Sebit. Juzi nilikwenda kumuuliza sheikh wetu jambo ambalo miaka yote ile sikuliuliza, maana nilijiona najua. Akaniambia mpigaji akiwa Muislamu, akalitaja jina la Mungu anapovuta kidole, na mnyama akafa kabla hajafikiwa, nyama yake inaliwa. Mwanamke au mwanamume ni mamoja. Kwa hiyo risasi yako wewe itajie jina. Ila nyama ya mgeni asiyelitaja, ikiwa imekufa, iacheni. Nikamuuliza, na kama mnyama anakaribia kufa na mtu akasita kumkimbilia kwa hofu? Akasema, mzee, nani aliwaambia mkimbilie? Nyama haijawahi kuwa faradhi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka kwake huko Kibuli, sikupanda bodaboda.

Kwa hiyo watakuudhi, na maneno ya kambini ni makali kuliko miiba, na wewe umerithi kichwa changu, hupendi kuchekwa. Watatokea wa kukwambia mpe mgeni zile za kawaida, binti, risasi ni risasi. Watakuwa ni watu wazuri, wenye njaa, wanaojua nyayo kukuzidi. Wakatalie. Na atakapotokea mmoja wao, mwenye mvi na kisu, anayetaka kumkimbilia mnyama aliyelala, usimheshimu kwa sababu ni mzee. Mshike koti.

Ukipiga simu, mama yako atauliza kama unalala vizuri, mjibu. Kisha nipe mimi simu, nami nitauliza mlikula nini. Siku utakayoniambia hatukupata nyama, Baba, mbogo alikufa kabla mtu hajasogea, siku hiyo nitakula chakula changu nishibe.

Mungu akutangulie, nami nakuombea kwa ulimi mzima usio na majivuno.

Mimi baba yako,
Sebit Marjan, Makindye